IST inalia bati bati ikiwa kwenye D, fundi anataka afungue injini. Naombeni msaada wakuu

Kipepeo76:

Habari zenu wakuu. Nina Toyota IST ya 2003, injini 1NZ, nimeinunua mkononi kwa mtu kwa hiyo kilomita za kwenye dashibodi siziamini sana. Kuna mlio umeanza, mwanzo ulikuwa unakuja na kuondoka, sasa hivi umehamia kabisa. Ni mlio wa juu juu, kama mtu anatikisa kopo lenye misumari, sio ule mzito wa kugonga ndani.

Nikiwasha asubuhi haupo, injini ikishashika moto ndo unaanza. Kwenye foleni nimekanyaga breki gia iko D unalia mfululizo, nikirudisha N unapungua au unakata kabisa. Nikiondoka taratibu mshale wa raundi ukikaribia 1,500 ndo unalia vibaya, ukipita 2,000 unapotea. Oili nimebadilisha karibuni na kwenye stiki iko pazuri, taa ya cheki injini haiwaki, maji hayapungui, nguvu gari inayo.

Fundi wa kwanza kasikiliza akiwa amesimama tu pale mbele akasema taiming cheni (ile inayopangilia mwendo wa valvu na pistoni) imelegea, inatakiwa kava lifunguliwe, cheni mpya, tenshena (kikaza cheni) na slaida zake, jumla laki 6 na ushee pamoja na ufundi. Wa pili kasema ni maunting, zile raba zinazobeba injini. Wa tatu hata boneti hakufungua, kaniambia ndo uzee wa gari nizoee. Mi siwezi kuzoea, hii gari ndo inampeleka mama kliniki na sitaki inizimikie barabarani na mgonjwa ndani, ila pia laki 6 sio hela ya kutoa kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Bonde_la_Ufa:

Cheni hiyo, usicheleweshe. Cheni ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, hapo utaongelea injini nzima sio laki 6 tena.

Fundi Spana 12:

Dada usimpe mtu hela ya kufungua kava kwanza. Bonde hajakosea kuhusu hatari ya cheni kuruka ila mlio ulioeleza sio tabia ya cheni, na mafundi wengi tunakwama hapo hapo, mtu akisikia tu kelele upande wa mbele anasema cheni.

1NZ inatumia cheni kweli, sio mkanda, na tenshena yake inasukumwa na presha ya oili. Sasa jiulize cheni iliyochoka inalia saa ngapi. Inalia asubuhi ukiwasha injini ikiwa baridi, sekunde chache kabla oili haijapanda, krrrr halafu kimya. Ikichoka zaidi inalia muda wote na mara nyingi cheki injini inawaka, ukiweka mashine ya kupima unakuta kodi ya hitilafu P0016 au zile za VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) P0011 na P0012. Wewe asubuhi kimya, ikipata moto ndo inalia, taa haiwaki. Kinyume kabisa.

La pili, mlio unaokaa kwenye raundi fulani na kufa ukipita hapo, mara nyingi ni kitu kilicholegea kinachotetemeka pamoja na injini kwenye ule mtikisiko mmoja tu. Beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) ikifa haichagui raundi namna hiyo, unavyokanyaga mafuta na yenyewe inazidi, na mlio wake ni mzito, unausikia hadi kwenye sakafu. Halafu hiyo ya D na breki, ukiweka D injini inabebeshwa mzigo inajiegemeza kwenye maunting, sailensa (raundi za injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, mtikisiko unaingia kwenye bomba la eksozi. Kwa hiyo macho yangu yote yako kwenye eksozi na mabati yake ya kuzuia joto. Bati lenyewe likipata moto linatanuka, ndo maana asubuhi halilii.

Fanya hivi. Gari ikiwa imezima na imepoa kabisa, namaanisha imelala usiku, eksozi inaunguza vibaya. Ipandishe kwa jeki halafu weka stendi, mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja. Kisha piga bomba la eksozi kwa ngumi au nyundo ya mpira kuanzia mbele kurudi nyuma. Bati lililolegea litajitaja lenyewe. Shika kila bati ulitikise, la kwenye manifoldi, la bomba la mbele, la kwenye masega (kisafisha moshi cha eksozi), na lile la juu lililofungwa kwenye sakafu ya gari.

Ukikosa huko ndo urudi mbele. Chukua bisibisi ndefu, injini inawaka, ncha iguse kava la cheni upande wa dereva, mpini weka sikioni, halafu hamia kwenye alteneta, pampu ya maji, kompresa ya AC. Nywele na mikono ya nguo mbali na mikanda tafadhali. Fundi pia anaweza kutoa mkanda akawasha injini kidogo tu, mlio ukipotea basi ni kitu kinachozungushwa na mkanda. Ila asiiache iwake, pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, maji hayatembei hapo.

Nyakanga:

Naongezea kwenye masega. Lile dubwana la eksozi lina kitu ndani kama jiwe lenye vitundu vingi, likipasuka vipande vinacheza humo ndani na mlio unafanana na wa bati. Ukilipiga likiwa limepoa unasikia vitu vinahama ndani, na mara nyingi gari inakuwa nzito kwenye mlima. Kama nguvu iko vizuri sidhani kama ndo hilo. Ila dada kaa macho, ukifika gereji na neno eksozi kuna watu watakwambia wakutolee masega bure. Sio bure, ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko lake. Mtu asikate kitu ambacho hajakupigia ukasikia kwa masikio yako.

Kipepeo76:

Wakuu asanteni sana, nimerudi. Nilimpelekea fundi wa pili maelezo ya Fundi Spana nikamsomea yote, gari ilikuwa imelala kwake. Akapiga bomba la mbele mara moja tu likalia ule ule mlio, wote pale tukageuka.

Ni bati la bomba la mbele. Bolti mbili, moja ipo nzima, ya pili bolti ipo ila tundu la bati limeliwa na kutu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti, kwa hiyo upande huo bati limening'inia tu. Pale lilipokuwa linagusa bomba pamesuguliwa pakang'aa wakati kwingine kote ni kutu. Alitaka kuling'oa alitupe, nikamwambia asubiri niulize kwanza. Niling'oe?

Fundi Spana 12:

Usiling'oe. Linakinga nyaya za sensa, sakafu ya gari na vitu vya plastiki visipigwe na joto, na ukipaki kwenye majani makavu bomba tupu ni hatari. Weka wosha pana ya chuma chini ya kichwa cha bolti ili ibane ng'ambo ya lile tundu. Kama kutu imekula sana, chukua klampu za hosi za chuma kisichoshika kutu, unganisha mbili ziwe ndefu, zungushia bati na bomba kwa pamoja ukaze. Waya wa kufungia nondo usikubali, unaoza haraka, na plastiki ndo kabisa inayeyuka.

Kipepeo76:

Amefunga wosha na klampu, nimezunguka nayo mchana kwenye foleni na AC nimewasha, D, breki, kimya. Kilichobaki ni usukani kutetemeka kidogo nikiwa nimesimama.

Fundi Spana 12:

Hapo sasa yule wa maunting naye ana hoja yake. Mtu akae kwenye usukani akanyage breki kwa nguvu na hendibreki juu, boneti wazi, wewe simama pembeni sio mbele ya gari, atie D halafu R. Injini ikiinuka sana au ikigonga, maunting imekufa. Anzeni na ya upande wa dereva.

Mzawa_Singida:

Samahani naingilia uzi. Vitz yangu 2NZ yenyewe inalia asubuhi tu, sekunde mbili tatu halafu kimya siku nzima. Nayo ni bati?

Fundi Spana 12:

Hapana mkuu, yako ndo ya kuiogopa. Pima oili leo kabla hujawasha, angalia uliweka filta gani na ulibadilisha lini, halafu fungua uzi wako uniite.