Wakuu, naombeni ushauri: maisha ni mchezo? Na sheria anatunga nani?

Kaka yangu kila siku: "Maisha ni mchezo, jifunze sheria ucheze." Sawa, ila sheria za nani? Za soka zinatungwa na IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za soka, tangu 1886, na walipolegeza ile ya kuotea mwaka 1925, timu zote zilijua. Kazini kwangu vigezo vya kupanda cheo vinabadilika kimyakimya, na anayevibadilisha naye anawania nafasi hiyohiyo! (Refa mwenye jezi, jamani.) Mtasema mtunzi ni Mungu. Nakubali, lakini hivi vya cheo ni vya binadamu kabisa. Sasa nimepata nafasi ya kuhamia idara nyingine. Nihame, au nibaki nidai vigezo viandikwe? Mliowahi kubaki, ilikuwaje?