Notari akibadili jina la ukoo, aache kwanza kupiga mhuri?

Kalamu Nyekundu: Notari wa hapa Nairobi, yaani wakili aliyeteuliwa kuthibitisha hati, ameolewa, kitambulisho kinasoma jina la mume, mhuri bado wa jina la baba. Mimi nasema asipige mhuri karatasi yoyote hadi rekodi zote zilingane.

Mwanagenzi: Kwa nini? Jaji Mkuu aliteua mtu, hakuteua jina. Hati ya kutumika nje ya nchi ikipelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu kabla ya Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi, karani analinganisha sahihi na ile aliyo nayo. Balaa ni kuchanganya: mhuri jina la baba, sahihi jina la mume. Hiyo inarudi mchana huohuo. Abaki na moja, au abadili vyote kwa mkupuo. Lakini hizi shida akina dada hujitakia.

Binti Sururu: Hujitakia?? Fungua Gazeti Rasmi la Ijumaa uhesabu wanaume waliobadili jina. Mke cheti cha ndoa kinamtosha kwa kitambulisho. Nyinyi ndio wa hati ya kubadili jina, isajiliwe, itangazwe na namba ya uwasilishaji, kitabu, folio na faili, eti "ameliacha kabisa jina lake la awali".

Kalamu Nyekundu: Cheti cha ndoa hakibadilishi orodha ya mawakili. Asipomwandikia Msajili na chama cha mawakili mapema, leseni ya Januari inatoka na jina la zamani, mhuri mpya ushalipiwa.

Mzee Kobe: California walimaliza hii. Usipomjulisha Katibu wa Jimbo, kwa makusudi, faini hadi dola 500. Cheti kipya kinabaki na namba ileile na muda uleule, kisha unaapa upya na kurekebisha dhamana kwa karani wa kaunti ndani ya siku 30.

Mwanagenzi: Hapa ni Nairobi, mzee. Mahakama ya Juu 2015, kesi ya benki na Anaj Warehousing, ilisema hati haifi kwa kosa la wakili.

Kalamu Nyekundu: Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ile ilikuwa wakili kukosa leseni ya mwaka. Jina halikutajwa. Na karani wa ubalozi atakurudishia karatasi bila kusoma kesi yoyote.

Binti Sururu: Mwanagenzi, bado nangoja jibu la "hujitakia".

Mwanagenzi: Haya: akiachika atazunguka ofisi zilezile kinyumenyume. Si kujitakia huko?

Mzee Kobe: Na mhuri wa zamani auharibu, la sivyo mtu atapiga hati na kurudisha tarehe nyuma. Ule wa mpira unachanwa kwa wembe. Ule wa chuma wa kubonyeza karatasi, kukwaruza hakusaidii, zile sahani mbili zikatwe.

Mwanagenzi: Akiachika arudishe jina la watu kwanza.

Binti Sururu: Alilipewa au alilikopa? Mkianza kurudishiana, tutadai hesabu ya vyombo.

Kalamu Nyekundu: Na ng'ombe wa mahari je?

Binti Sururu: Walishaliwa, mifupa ndiyo hiyo.