Mauaji ya Krismasi kwenye jumba lililozingirwa na theluji: nyayo nizifanyeje?

Naandika hadithi ya upelelezi: jumba la ukoo huko Devon, Uingereza, Krismasi ya 1962. Tajiri anakutwa amekufa bustanini, nyayo ni zake tu. Muuaji alipitaje bila kumdanganya msomaji?

Jibu 1
Muue kabla theluji haijaanza. Chini ya maiti nyasi ziwe wazi, juu yake theluji. Kisha, theluji ikishakatika, muuaji avae viatu vya marehemu, aende na kurudi kinyumenyume akikanyaga alama zilezile. Kitakachomfichua: alama zina kina kuliko za mtu aliyepita mara moja, na kingo zimemeguka. Saa theluji ilipokatika ithibitishwe na mashahidi wawili, mapema, ama sivyo msomaji atalalamika, na atakuwa na haki.

Jibu 2
Daktari wako asitaje saa kamili ya kifo. Baridi huchelewesha maiti kukakamaa. Tumia chakula cha tumboni kukadiria muda. Na kama simu ya jumba imekatika, angalia waya: uliokatwa kwa koleo una ncha safi, uliolemewa na barafu huvutika kabla ya kukatika.

Jibu 3
Tarehe! Dhoruba ya theluji iliyofunga barabara za kusini-magharibi, Devon ikiwemo, ilikuja 29 na 30 Desemba 1962, baada ya Krismasi. Wageni wabaki hadi Mwaka Mpya.