Huyu bwana wa mlangoni amezidi! KOTI LA KUAZIMA?!

Fundi Kola

Wadau, nimeshuka pale gatini Kisumu sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hivyo mkiona herufi zimekosewa nyamazeni.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule bwana wa mlangoni kwenye boti ya chakula cha jioni, anayesimama kwenye daraja la kupandia kifua mbele, utadhani Petro amempa funguo za mbinguni ashike kidogo akanunue omena. Ameniangalia kuanzia kola hadi viatu, akarudi kwenye kola, akaguna, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa KOTI. Jeusi. Saizi 46. Mimi ni 38. Mfukoni mlikuwa na kijiti cha meno.

Kimetumika.

Nirudie kwa wale wanaosoma mbio: kimetumika!

Kadi yenyewe imeandikwa "mavazi nadhifu". Maneno mawili, basi. Nani aliwaambia nadhifu maana yake ni koti? Shati nililokuwa nalo ni la kitenge, mikono mirefu, kola ina kitambaa kigumu ndani na haijikunji hata ukiilalia. Shati kama hilo linakula yadi 3, na ukitaka maua ya mfukoni yaoane na maua ya kifuani bila kuonekana mshono, ongeza nusu yadi ya kutupa. Yangu yameoana. Ungesimama hatua mbili kutoka kwangu usingejua kama kuna mfuko pale. Huyo ndiye mtu aliyeambiwa hajavaa!

Sasa njooni kwa koti. Mabega yamepita mfupa inchi 2 kila upande na kuanguka kama masikio ya mbuzi. Kifungo cha kati ni cha kahawia kwenye koti jeusi. Bitana imechanika kwapani, na kila fundi anajua kwa nini: jasho huozesha bitana kabla ya kitambaa cha nje, kwa hivyo ukiona kwapa limeachia hivyo, jua hilo koti limevaliwa na nusu ya Kisumu na halijaona maji tangu ziwa lichimbwe. Mkono wa shati unatakiwa uchungulie nusu inchi chini ya mkono wa koti. Wangu haukuchungulia, ulizikwa. Na msiniambie eti "si ungelipunguza". Kiunoni fundi hupunguza inchi 2, akijikaza 3. Mabega ukiyagusa unafumua mikono, kola na zile sponji za ndani, heri ushone jipya. 46 haiwi 38. Hata kwa maombi.

Halafu chakula ni nini? Ngege mzima na ugali. UGALI! Mtu anamega vipi ugali mkono wa koti ukiwa umefika kwenye vifundo vya vidole? Ukiukunja, bitana inatoka nje na ndiyo inayolamba mchuzi. Usipoukunja, koti linakula kabla yako. Juu ya hayo yote wanakufunga lile jaketi la machungwa la kuokolea maisha. Mikanda yake inatakiwa ikazwe ikamate kifua. Ukiikaza juu ya koti la saizi 46 inakamata hewa, na siku ukianguka majini jaketi linapanda masikioni, wewe unateremka. Yaani wameweka kanuni ya mavazi itakayomzamisha mtu akiwa nadhifu.

Lakini hayo yote ningemeza. Kijiti, wadau. Nimetia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakishika.

Omena Kavu

Ulikirudisha? Mwenyewe anakitafuta.

Jaber wa Milimani

😂😂😂 "halijaona maji tangu ziwa lichimbwe"

Bw. Mstaarabu

Mimi niko upande wa bwana wa mlangoni. Watu wakiachiwa wataingia na jezi ya Gor Mahia moja kwa moja kutoka uwanjani. Kanuni ni kanuni.

Fundi Kola

Kanuni gani? Isome hapa. Andika urefu wa mkono, andika kola au hakuna kola, andika viatu vya aina gani. "Nadhifu" si kipimo. Hata mteja akija kwangu akisema "nishonee nadhifu" namuuliza kifua inchi ngapi.

Baharia wa Zamani

Omera, pole, lakini hiyo ni boti ya mwendo wa saa mbili tu, inazunguka mpaka kwa viboko na kurudi. Kwenye meli kubwa za utalii huko baharini vita hivi ni vya miaka, na kila kampuni imeshachagua upande. Norwegian walileta mtindo wa kula bila usiku wa suti za lazima mwaka 2000. Celebrity nao waliziondoa jioni rasmi mwishoni mwa 2015. Cunard wamekaza. Ukivuka Atlantiki kwa meli yao Queen Mary 2, siku 7 kutoka Southampton hadi New York, kwa kawaida unakuta jioni 2 za gala, na kuanzia saa kumi na mbili jioni kanuni inashika sehemu kubwa ya meli. Jioni ya gala mwanamume ni suti ya usiku: kola ya satini, suruali yenye ukanda wa satini ubavuni na isiyo na vitanzi vya mshipi, tai ya kipepeo. Suti nyeusi ya kawaida na tai pia inapita.

Ila fundi, sikiliza hapa: vazi rasmi la kitaifa linaruhusiwa. Mskoti anaingia na kilti yake, magoti nje, na hakuna anayemtupia koti. Na asiyetaka kuvaa hasumbuliwi, anaenda zake kula kwenye bafe kwa shati la kawaida. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye boti yenu, mahali pa pili pa kukaa. Ukiwa na ukumbi mmoja tu, kila ubishi wa nguo unaishia mlangoni.

Mulembe Daima

Vazi la kitaifa lipi sasa? Sisi tulilitafuta mwaka 2004, wabunifu wakachora, likaonyeshwa, na tangu hapo nani amelivaa? Kitenge chenyewe hata si chetu peke yetu. Na mkumbuke Novemba 2023 Spika Wetang'ula, mtu wetu wa Bungoma kabisa, alipiga marufuku suti za Kaunda, zile zisizovaliwa na tai, na mavazi ya kiasili ya Kiafrika bungeni. Koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi, viatu. Tena yeye angalau aliorodhesha.

Bw. Mstaarabu

Asante. Bunge limesema.

Omena Kavu

Bungeni nako kuna koti la kuazima? Huko mifukoni hakuwezi kukosa kitu.

Nyar Dunga

Mnabishania makoti na hakuna anayezungumzia viatu. Akala wamezipiga marufuku kwenye ile boti, eti si nadhifu. Lile daraja la kupandia ni la bati, na jioni huwa limelowa kwa sababu wanaliosha saa kumi na moja, nusu saa kabla ya watu kupanda. Soli ya ngozi kwenye bati lililolowa ni sabuni. Akala ni tairi! Lilitengenezwa kushika barabara kwa mvua. Kwa hivyo mwenye akala anarudishwa, na mwenye kiatu cha harusi anapanda akiteleza huku ameshikilia mkono wa yule yule bwana wa mlangoni.

Jaber wa Milimani

Na skuna je? Sitaha ni ya mbao na kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kidole. Kisigino chembamba kinaingia hapo hadi juu, na ukikivuta kwa nguvu ngozi inabambuka kisigino kizima. Kinatolewa hivi: unavua mguu kwanza, unakizungusha taratibu, unakivuta kwa kukifuata mstari wa mbao, si kwa kuuvuka. Wenye akili wanavaa kisigino kipana au bapa. Lakini bapa nako bwana anaguna.

Fundi Kola

Kuguna ndiyo kazi yake. Aliguna hivyo hivyo kabla ya kunyoosha mkono nyuma ya mlango. Msumari mmoja tu, wadau, koti limetundikwa kwenye msumari mmoja, halina hata hanga. Koti likikaa msumarini mgongoni linaota nundu, chini ya kola kabisa. Kwa hivyo nilikuwa na nundu, mabega ya mbuzi, na kijiti.

Wa Nakuru Mjini

Nyinyi watu wa Kisumu mna raha. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, nyinyi mko kwenye 1,130. Huku jioni mtu akinitupia koti, hata la marehemu, namshukuru na kumwombea. Shida yetu ni kinyume: kuna mahali, sitaji, wanakuambia uache koti mlangoni "kwa usalama", kisha wanakukalisha dirishani kwenye upepo wa ziwa. Unakula supu meno yakipiga ngoma. Na likipotea, bango limeshasema mali yako ni juu yako.

Omena Kavu

Kumbe lile la saizi 46 lilitokea Nakuru.

Wa Nakuru Mjini

😭 Kifungo cha kati cha kahawia? Lirudisheni.

Baharia wa Zamani

Kwa wanaotaka kwenda na suti yao wenyewe badala ya kuazimwa: usiikunje katikati. Igeuze ndani nje, bega moja ingiza ndani ya jingine, izungushie fulana laini, ndipo ukunje. Kwenye meli pasi hairuhusiwi chumbani, ukipanda nayo wanaichukua kwa sababu ya moto. Watu hutundika koti bafuni, wanafungua maji ya moto, wanafunga mlango dakika 15, na mvuke unanyoosha wenyewe. Sufu inakubali. Kitani hakinyooki hata ukikipikia.

Mama Samaki

Wanangu, mnajua tatizo la hiyo chakula ya boti si koti, ni meza. Unaweka watu wamevaa mikono mirefu, unawaletea samaki mzima kwenye mchuzi, halafu beseni la kunawa linapita mara moja tu, mwanzoni. Mwisho je? Mtu anajipangusa wapi? Kwenye koti la kuazima, ndiyo maana linanuka hivyo.

Mafuta yakidondoka kwenye koti usisugue kwa maji, utayasukuma ndani. Nyunyiza unga wa mahindi, ule wa ugali tu, mwingi, uache ulale nao. Asubuhi pangusa kwa brashi kavu. Alama ikibaki rudia. Nyanya ni jambo lingine, hiyo ni maji baridi papo hapo kutoka upande wa nyuma wa kitambaa.

Nyar Dunga

Mama, na wale wadudu wa ziwani? Shati jeupe chini ya zile taa nyeupe za boti ni kama umewaita kwa majina. Wakija wingu zima, wanajaa mpaka kwenye glasi.

Mama Samaki

Hao hawaumi, mwanangu, lakini ukiwapiga kofi kwenye nguo wanaacha doa la kijani. Subiri wakauke, kung'uta. Na wenye boti waweke taa za manjano, wadudu hawazipendi sana kama zile nyeupe. Niliyosema ya samaki sijamaliza. Mnaandika ngege, ngege. Mnachokula si ngege. Ngege wa kweli wa baba zetu alikaribia kuisha ziwani zamani. Huyo mnayeletewa, hata wa kufugwa vizimbani, ni nyamami, tilapia wa Naili. Mbuta, yaani sangara, na nyamami wote waliletwa, miaka ya 1950 na 1960 huko.

Mulembe Daima

Hapo sikubali, mama. Hotelini ukisema nyamami hakuna anayekuelewa. Kila kitu chenye magamba na mwiba mgongoni ni ngege.

Mama Samaki

Hotelini hata omena wa juzi anaitwa wa leo. Mtazame mkia. Nyamami mkia wake una mistari ya kusimama kama ya punda milia, imejipanga. Ngege hana hiyo. Basi.

Bw. Mstaarabu

Kwa hivyo menyu inadanganya?! Hilo sasa ndilo la kulalamikia.

Fundi Kola

Samahani, huu uzi ni wa koti.

Omena Kavu

Fundi, kijiti kilikuwa na mabaki ya ngege au ya nyamami?

Mulembe Daima

Mama, mistari hiyo inaonekana hata akishakaangwa?

Mama Samaki

Akikaangwa vibaya haionekani. Akikaangwa vizuri mkia unakauka na unaihesabu.

Jaber wa Milimani

Nje ya mada: nani anamjua fundi wa kubandika ngozi ya kisigino pale karibu na soko la Jubilee? Kimoja kimebambuka.

Nyar Dunga

Yupo, ukuta wa nyuma, ana mwavuli wa kijani. Nenda mapema na ubebe vyote viwili, la sivyo atakuwekea rangi isiyofanana.