MJADALA: Vyeo vya wanawake katika sataranji vibaki au vifutwe?

Ubingwa wa dunia wa sataranji uko wazi kwa yeyote, mwanamume au mwanamke. Kilichotengwa ni cha wanawake peke yao, na ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mashindano na vyeo. Mashindano nayatetea. Vyeo nataka vifutwe.

Ili uwe Grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, shirikisho la dunia, FIDE, linadai alama 2500 (alama ni kipimo cha uwezo kinachotokana na matokeo ya mechi) pamoja na matokeo ya kiwango cha Grandmasta kwenye mashindano kadhaa. Grandmasta wa Wanawake anadaiwa 2300. Ajabu ni kwamba alama zenyewe hukokotolewa kwa kanuni moja kwa wote, na mchezaji yeyote akifikisha 2300 hizohizo hupewa cheo cha Masta wa FIDE, ngazi mbili chini ya Grandmasta. Jina kubwa, kipimo kidogo. Binti mwenye kipaji anaambiwa mapema kwamba kilele chake ni hapo.

Judit Polgár wa Hungaria hakukubali. Hakuwania kabisa ubingwa wa dunia wa wanawake. Mwaka 1991, akiwa na miaka 15, alipata Ugrandmasta kamili na kuvunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya 1958 ya Grandmasta mwenye umri mdogo kuliko wote. Mwaka 2002 alimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa wa kwanza duniani kwa alama, na 2005 alishika nafasi ya 8 duniani kwa alama 2735.

Mtasema huyo ni mmoja tu. Kweli, wanawake wenye Ugrandmasta kamili wanazidi 40 kidogo, kati ya watu zaidi ya 1,800. Lakini wasichana wanaoingia kwenye mchezo huu ni wachache tangu mwanzo, na waliojitokeza wachache hawawezi kutoa mabingwa wengi. Ndiyo maana mashindano yao yabaki: yana zawadi, na msichana hajikuti peke yake ukumbini.

Hoja inayonisumbua ni ya pesa. Waandaaji wengi humsamehe kiingilio na kumlipia malazi mwenye cheo cha wanawake. Kikifutwa, wapo watakaoshindwa kusafiri. Hofu hiyo ni ya haki. Ila msaada huo unaweza kutolewa kwa kuangalia alama za mchezaji, bila kumbandika cheo cha pembeni.

Mnaotaka vyeo vibaki, nijibuni hili: cheo hicho kinampa mchezaji nini ambacho alama zake na mashindano yake haviwezi kumpa? Wachezaji wa kike hasa, semeni.