Beki wa miaka 17, pointi kibao, ila "hajui kukaba": ripoti ya drafti ya NHL niiandikeje?

Mtaa_wa_Barafu
Wakuu, naandaa ripoti ya beki wa hoki ya barafu kutoka OHL (ligi ya vijana ya Ontario, Kanada) anayesubiri drafti ya NHL, yaani zoezi la timu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini kuchagua vijana, raundi kwa raundi. Anashika gongo kulia, sentimita 180, kilo 78, kazaliwa mwishoni mwa Agosti. Pointi (magoli na asisti) anazo za kutosha, ila kila ninayemuuliza anajibu "hajui kukaba", basi. Nina video za mechi kadhaa na nitaingia uwanjani mara mbili. Nianzie wapi, na nihesabu nini ili ripoti isiwe maoni matupu?

Mstari_wa_Buluu
Anza kwa kuzichambua hizo pointi. Tenga zilizopatikana watano kwa watano na zile za wakati mpinzani ana mtu kwenye benchi la adhabu. Tenga pia pasi ya mwisho na ile ya kabla yake, maana hoki ya barafu inaruhusu asisti mbili kwa goli moja. Beki anayesimama kwenye mstari wa buluu (kila upande una wake, unatenga eneo la goli na katikati ya uwanja) akimpasia fowadi hodari anaweza kuvuna asisti msimu mzima bila kutengeneza chochote.

Halafu nenda kwenye kazi yenyewe: kisahani (puck, ndio "mpira" wa hoki ya barafu) kimetupwa kwenye kona yake, naye anakifuata huku amewapa wapinzani mgongo. Beki anajulikana hapo. Simamisha video kabla hajakigusa. Amegeuza shingo mara ngapi? Mara moja haitoshi: ya kwanza inamwonyesha nani anakuja, ya pili anakuja kwa upande gani na mwenzake yuko wapi. Tazama na miguu. Akifika vidole vikielekea ukutani moja kwa moja, kilichobaki ni kubamizwa tu. Akifika kwa pembe, mguso wa kwanza tayari umeshamtoa.

Kila tukio liingize kwenye safu: katoa pasi safi, kakibeba mwenyewe, kakipiga kwenye kioo kinachozunguka uwanja ili kitoke tu kwenye eneo lake, kakipoteza. Ongeza safu nyingine: mpinzani alikuwa ndani ya urefu wa magongo mawili au la? Bila hiyo hesabu yote ni bure, kwa sababu hata beki wa kawaida hutoa pasi safi akiachwa peke yake.

Gongo_Refu
Kuhusu kukaba, "hajui" si jibu. Pima umbali kati yake na mwenye kisahani sehemu mbili: katikati ya uwanja, na kwenye mstari wake wa buluu. Akifika kwenye mstari wa buluu na pengo limezidi sana urefu wa gongo, fowadi anaingia bila kuguswa. Sasa tafuta sababu, maana dawa hazifanani. Wapo wanaorudi nyuma mapema kwa kuwa hawaamini kugeuka kwao. Wapo wanaokaa mbali kwa sababu walichelewa kupanda baada ya kutoa pasi, na huo ni uvivu au pumzi. Wengine wanafungua nyonga kuelekea ukutani kabla fowadi hajaamua, fowadi anawakata kwa ndani.

Video ya televisheni haitakuonyesha mengi ya haya, kamera inafuata kisahani. Ukiwa uwanjani kaa juu, nyuma ya goli, na umtazame yeye tu zamu nzima hadi arudi benchi. Mechi moja iwe nyumbani, nyingine ugenini: mchezo ukisimama, kocha wa nyumbani hubadilisha wachezaji baada ya mgeni kumaliza kubadilisha wake, kwa hiyo nyumbani kijana anaweza kufichwa asikutane na fowadi bora wa wapinzani. Ugenini hafichiki.

Mstari_wa_Buluu
Nyongeza: andika na jina la beki anayecheza naye pacha. Pacha mzuri hufunika mengi.

Kona_ya_Kushoto
Msisahau tarehe ya kuzaliwa. Anayetimiza miaka 18 kufikia 15 Septemba anaingia drafti ya mwaka huo, kwa hiyo wa mwisho wa Agosti anashindana na waliomzidi karibu mwaka mzima. Beki Matthew Schaefer, aliyechaguliwa wa kwanza na New York Islanders 2025, alizaliwa 5 Septemba.

Na sentimita zisikutishe. Kimo kinapimika kwa urahisi, ndiyo maana watu hukikimbilia. Mabeki wasio warefu waliokuja kutamba NHL walichaguliwa mbali: Adam Fox alikwenda nafasi ya 66 mwaka 2016, Lane Hutson ya 62 mwaka 2022. Kipimo cha baiskeli cha Wingate, kwenye vipimo vya mwili ambavyo NHL huwafanyia vijana wa drafti mjini Buffalo, kinakupa nguvu ya miguu kwa sekunde 30. Kusoma mchezo hakikupi.

Mtaa_wa_Barafu
Nimepitia video mbili upya. Umbali wake katikati ni mzuri, tatizo ni nyonga: anafungua upande wa ukuta mapema, hasa zamu ikiwa ndefu. Kwenye kona anageuza shingo mara mbili karibu kila mara.

Gongo_Refu
Basi andika hivyo hivyo, na dakika ya kila tukio pembeni. Zamu zilizopita sekunde 45 zitenge. Kosa likiwa huko tu, ni suala la pumzi na kocha anayemchosha, linarekebishika. Likitokea hata sekunde ya kumi, ni tabia ya miguu, na mimi ningemshusha raundi moja.