Nikaha ya Fahmi: nani atashuhudia?

*Kikundi: Majirani Tudor*

Faiza: Asalaam aleikum. Nikaha, yaani kufunga ndoa, ni Ijumaa baada ya Alasiri. Shahidi mmoja ni Ami Salim. Twatafuta wa pili.

Hamza: Mimi niko Doha lakini washeni video, nitashuhudia kila kitu!

Ami Salim: Hamza mwanangu, video utaitazama. Kushuhudia ni jambo jengine.

Hamza: Si kuona kwa macho, ami? Redioni kila siku "Mombasa imeshuhudia mvua kubwa".

Ami Salim: Hilo ndilo linikeralo. Mji hauitwi mbele ya kadhi. Si waseme tu mvua kubwa imenyesha Mombasa! Neno tumelitoa kwa Kiarabu, shahida: alihudhuria, akaona, na akatoa habari ya alichokiona. Macho na ulimi pamoja. Mwadhini akisema "ash-hadu" yuakiri kwa ulimi. Na kwenye tahiyatu, kile kikao cha ndani ya swala, mwainua kidole gani?

Zuhura: Cha shahada! Kumbe ndiyo maana. Na shahada ya chuo kikuu?

Ami Salim: Mzizi ni ule ule. Karatasi inakushuhudia kuwa umesoma. Hata afaye katika njia ya Mungu twamwita shahidi.

Mama Grace: Kwetu kanisani mtu hutoa ushuhuda, alivyotendewa na Mungu. Ushahidi tunauacha mahakamani.

Ami Salim: Ahsante mama, umelipambanua vizuri sana.

Bi Maimuna: Hamza mjukuu wangu, nisikize. Karatasi ya shamba letu la Kisauni ilikuwa na sahihi za mashahidi wawili. Siku ya kesi mmoja akaulizwa: pesa zilihesabiwa wapi, na nani alikuwako? Akainamisha kichwa. Kumbe karatasi aliletewa kwake usiku, akatia sahihi mlangoni kwa kalamu ya kuazima, hata kusoma hakusoma. Shamba likatutoka. Babu yako hakupita tena njia ile mpaka anakufa.

Zuhura: Subhanallah, bibi. Hili hatukuwahi kuambiwa.

Ami Salim: Ndiyo maana aya ya deni, Al-Baqara 282, ndefu kuliko zote katika Qurani, imetaka mashahidi, na wakiitwa wasikatae.

Hamza: Niwieni radhi bibi. Nitatazama tu, na dua nitaomba.

Bi Maimuna: Radhi ninazo, mwanangu.

Faiza: Mjomba Athman, utaweza?

Mjomba Athman: Naweza. Nitafika kabla ya adhana, nikae karibu na walii wa bibi harusi, nimsikie akimuoza na nimsikie Fahmi akikubali.

Bi Maimuna: Na kalamu uje na yako.

Mjomba Athman: Nishaitia kwenye mfuko wa kanzu, mama.